Maurice Lindsay wa Wigan: kipi hasa kilikuwa kazi ya mwenyekiti?

Daftari_la_Raga

Wakuu, heshima kwenu.

Naandika makala ya kumbukumbu ya Maurice Lindsay, yule mwenyekiti wa klabu ya raga ya Wigan, kaskazini ya Uingereza, aliyefariki 2022 akiwa na miaka 81. Makala ni kwa wasomaji wanaoijua raga ya wachezaji 15 lakini hii ya wachezaji 13 (rugby league) wanaisikia kwa mbali. Orodha ya makombe ninayo. Ninachohitaji ni maelezo ya namna mambo yalivyofanyika: pesa zilitoka wapi, maamuzi yapi yalikuwa ya ofisini na yapi ya kocha, na kwa nini mtu mmoja anasifiwa Wigan kama mwokozi halafu miji mingine jina lake hadi leo linaamsha hasira.

Maswali yangu ni matatu. Kwanza, kati ya 1980 na 1992 alibadilisha nini hasa? Pili, kuwa na wachezaji wa kudumu badala ya wa muda kulileta tofauti gani kwenye hesabu za klabu? Tatu, awamu yake ya pili, 1999 hadi 2007, niiweke wapi? Naona makala nyingi zinairuka.

Nipeni vitu vya uhakika, tafadhali. Sifa za jumla ninazo za kutosha.

---

Hafu_ya_Skramu

Mkuu, anzia kwenye kushuka daraja, maana bila hapo hayo mengine hayaeleweki. Msimu wa 1979–80 Wigan walishuka daraja kwa mara ya kwanza katika historia yao. Hii ni klabu iliyozoea kujiita kubwa kuliko zote, na ghafla inacheza daraja la pili. Walirudi baada ya msimu mmoja wakiwa nafasi ya pili nyuma ya York. Wasomaji wako waelewe kwamba kupanda huko hakukuponya kitu. Bodi ilikuwa kubwa na nzito, na kila jambo dogo lilipita kwenye vikao.

Lindsay, ambaye kazi yake ya awali ilikuwa kuchukua dau za watu kwenye mbio za farasi, aliingia kama mkurugenzi. Mabadiliko ya kwanza ya maana yalikuwa ya muundo: bodi ikapunguzwa hadi watu wanne, yaani Lindsay, Jack Robinson, Jack Hilton na Tom Rathbone. Usilipite haraka hili. Dirisha la kumpata mchezaji mzuri halisubiri kikao cha mwezi ujao. Watu wanne wanaopigiana simu jioni wanaweza kufunga usajili kabla ya asubuhi. Mfano wa wazi ni Shaun Edwards: Oktoba 1983, siku aliyotimiza miaka 17, tayari alikuwa mchezaji wa Wigan kwa pauni 35,000. Kwa kijana wa shule hizo zilikuwa pesa nyingi mno, na wapo waliosema ni wazimu. Edwards akaja kubeba Challenge Cup, kombe la mtoano ambalo fainali yake huchezwa Wembley, mara tisa akiwa na Wigan.

Kitu cha pili ni mpangilio wa ununuzi. Ukiweka usajili wao kwenye mstari wa miaka, utaona haukuwa manunuzi ya pupa:

1985, Ellery Hanley kutoka Bradford Northern. Thamani iliyotangazwa ni pauni 150,000, lakini taslimu zilikuwa 85,000 tu. Zilizobaki zilikuwa wachezaji wawili, Phil Ford na Steve Donlan. Andika hivyo hivyo, usiandike "alinunuliwa kwa 150,000" ukaishia hapo.

Januari 1986, Joe Lydon kutoka Widnes, pauni 100,000. Januari 1987, Andy Gregory kutoka Warrington, pauni 130,000. Januari 1992, Martin Offiah kutoka Widnes, pauni 440,000.

Tazama miezi. Watatu kati ya hao wanne waliletwa Januari, katikati ya msimu wa baridi, kabla Challenge Cup haijashika kasi. Na Hanley alipoondoka kwenda Leeds mwaka 1991, Wigan walipokea pauni 250,000. Yaani mchezaji aliyefunga trai 63 ndani ya msimu mmoja wa 1986–87, akawa nahodha, akatumika miaka sita, mwishoni akauzwa kwa bei ya juu kuliko aliyonunuliwa. Hapo ndipo unauona mkono wa mtu aliyezoea kupima thamani ya farasi.

Cha tatu ni makocha, na hapa naomba uwe mwangalifu, maana watu humpa mwenyekiti sifa za kocha. Alex Murphy aliondoka Agosti 1984, miezi michache tu baada ya kuifikisha timu fainali ya Challenge Cup Wembley ikafungwa na Widnes 19–6. Colin Clarke na Alan McInnes wakashika, wakatwaa kombe la 1985. Mwaka 1986 akaletwa Graham Lowe kutoka New Zealand, na 1989 John Monie, aliyekuwa ameipa klabu ya Parramatta ubingwa wa Sydney, ligi kuu ya Australia wakati huo, mwaka 1986. Monie alikaa misimu minne na kila msimu akabeba ligi na kombe pamoja. Mbinu za uwanjani ni zao hao, na heshima ni yao. Kazi ya ofisini ilikuwa kuuona mlango wa nje wakati wenzake bado wanatafuta makocha mtaa wa pili.

Na lazima uweke usiku wa tarehe 7 Oktoba 1987, hapo Central Park, uwanja wa Wigan. Manly walikuwa wametwaa ubingwa wa Sydney siku kumi kabla. Wigan wakawaalika, mabingwa wa Uingereza dhidi ya mabingwa wa Australia. Watu 36,895 waliingia. Hakuna trai hata moja iliyofungwa dakika zote 80. David Stephenson alipiga penati nne, Manly wakapata moja, 8–2. Ron Gibbs wa Manly alitolewa uwanjani baada ya kumgonga Lydon aliyekwisha kupiga mpira. Kikosi cha Wigan usiku ule kilikuwa cha Waingereza watupu, na hilo ndilo lililowauma wageni. Mechi yenyewe ilichezwa kwa mabavu na haikuwa na madoido, ila iliwapa watu wa kaskazini ya Uingereza kitu walichokuwa wamekikosa tangu Australia ianze kuwatandika kwenye mechi za kimataifa: imani kwamba klabu iliyopangwa vizuri inaweza kusimama mbele yao.

---

Mhasibu_wa_13

Naongeza swali la pili, la pesa, kwa sababu ndilo linaloeleza kupanda na kushuka kote.

Mfumo wa zamani: mchezaji ana kazi yake ya kila siku, mgodini, kiwandani, kwenye ujenzi, anafanya mazoezi jioni mara mbili au tatu kwa wiki, na klabu inamlipa kwa mechi. Kuna malipo ya ushindi na malipo ya kushindwa, na tofauti yake ni kubwa. Tuchukue tarakimu za mfano tu, si za Wigan: ushindi pauni 300, kupoteza pauni 100, wachezaji 13 na wa akiba wawili kama ilivyokuwa enzi hizo. Ukishinda unalipa 4,500, ukipoteza 1,500. Wiki isiyo na mechi hulipi kitu. Kwa hiyo gharama zinatembea pamoja na mapato. Ukishinda, mashabiki wanakuja, na unalipia ushindi huo kwa viingilio vyao. Ni mfumo salama kwa mweka hazina, lakini unampa kocha mtu aliyechoka.

Mfumo wa kudumu: kikosi cha watu 25, kila mmoja kwa mfano pauni 600 kwa wiki. Hiyo ni 15,000 kila wiki, mvua inyeshe au uwanja ugande kwa barafu. Kwa mwaka ni 780,000. Unachopata ni mazoezi ya mchana, vyuma asubuhi, matibabu ya majeraha kwa wakati, na mchezaji anayelala mchana kabla ya mechi ya usiku badala ya kutoka zamu. Dakika ya 60 tofauti inaonekana kwa macho: timu moja bado inarudi kwa wakati kwenye mstari wa ulinzi, nyingine inatembea. Wigan walikuwa klabu ya kwanza Uingereza kuwa na kikosi kizima cha namna hii, na kwa miaka kadhaa walikuwa wanacheza dhidi ya watu waliotoka kazini.

Ila angalia gharama imegeuka kuwa nini. Haipandi wala kushuka na matokeo tena. Inabidi mapato yawe ya uhakika, na chanzo kikubwa cha ziada kilikuwa Challenge Cup. Kwa klabu ya daraja la kwanza njia ya kutwaa kombe ilikuwa kwa kawaida mechi tano, na ya mwisho ni Wembley. Fainali ya 1988 dhidi ya Halifax ilikuwa na watu 94,273. Wigan walishinda kombe hilo mara nane mfululizo, 1988 hadi 1995, mechi 43 bila kupoteza. Hesabu yao ikazoea kwamba Wembley ni mapato ya kawaida, kama kodi ya nyumba inayoingia kila mwaka.

Halafu tarehe 11 Februari 1996 wakaenda Salford, timu ya daraja la chini, wakafungwa 26–16. Mishahara ilibaki ileile. Ndani ya miaka michache Offiah alikuwa amehamia London Broncos na Central Park yenyewe ikauzwa kwa Tesco, kampuni ya maduka makubwa. Mechi ya mwisho pale ilikuwa Septemba 1999, Wigan 28, St Helens 20. Lindsay hakuwa mwenyekiti wakati wa anguko hilo, alikuwa ameondoka 1992. Lakini muundo wa gharama aliuacha yeye, na anayeandika kwa haki atasema yote mawili.

Jambo moja ambalo makala za Kiingereza huligusa kidogo sana: usajili wa wachezaji kutoka raga ya wachezaji 15. Kabla ya Agosti 1995 mchezo ule ulikuwa wa ridhaa. Aliyevuka kuja huku alikuwa anapoteza hadhi ya ridhaa moja kwa moja, haruhusiwi kurudi. Kesi ya kodi ya mwaka 1964, Jarrold dhidi ya Boustead, iliamua kwamba malipo anayopewa mtu kwa kuiacha hadhi hiyo si ujira, hivyo hayatozwi kodi ya mapato. Kwa hiyo pauni 50,000 za kusaini kwa mchezaji wa namna hiyo zilikuwa pauni 50,000 kamili mfukoni, wakati mshahara wa kiasi hichohicho ungekatwa. Mwenyekiti aliyelijua hili aliweza kumshawishi nyota wa upande wa pili kwa gharama ndogo kuliko inavyoonekana. Raga ya 15 ilipoanza kulipa wachezaji, faida hiyo ikafa siku ileile na njia ikageuka: sasa wao ndio wakawa wananunua.

---

Daftari_la_Raga

Mhasibu, asante sana, hiyo ya kodi sikuwa nayo kabisa.

Sasa 1995. Najua alitoka Wigan 1992 kuwa ofisa mtendaji mkuu wa Rugby Football League (RFL), chama kinachoendesha mchezo huu Uingereza, na najua kuhusu pesa za News Corporation, kampuni ya habari ya Rupert Murdoch. Ninachokwama ni orodha ya klabu zilizotakiwa kuunganishwa. Kila ninapoisoma inatofautiana. Na kwa nini Featherstone walikasirika kuliko wengine?

---

MstariWaTrai

Orodha inatofautiana kwa sababu kulikuwa na mipango miwili ndani ya wiki tatu, na waandishi wanaichanganya. Itenganishe hivi.

Mpango wa kwanza ulipitishwa tarehe 8 Aprili 1995 kwenye kikao kilichofanyika Central Park. Pauni milioni 77 za News Corporation kwa miaka mitano, ligi mpya ya timu 14 iitwayo Super League, na mchezo kuhama kutoka msimu wa baridi kwenda kiangazi. Timu tano zilibaki zenyewe: Wigan, Leeds, St Helens, Bradford na Halifax. Tatu zilikuwa za kupanua ramani: London, Paris na Toulouse. Sita zilizobaki zilikuwa za kuunganishwa. Castleford, Wakefield na Featherstone wawe Calder. Warrington na Widnes wawe Cheshire. Hull na Hull KR wawe Humberside. Oldham na Salford wawe Manchester. Sheffield na Doncaster wawe South Yorkshire. Workington, Whitehaven, Barrow na Carlisle wawe Cumbria. Hesabu mwenyewe: klabu 15 zinageuka kuwa sita.

Mpango wa pili ni wa tarehe 30 Aprili. Baada ya mashabiki kuandamana na bodi kadhaa kukataa, muungano ukafutwa, timu zikawa 12, pesa zikapanda hadi milioni 87. Kigezo kikawa nafasi kwenye msimamo wa 1994–95: kumi za juu wanaingia, pamoja na London na Paris. Hapo sasa ndipo penye jibu la Featherstone. Walimaliza wa 11. Yaani wiki ya kwanza wanaambiwa klabu yenu inamezwa na majirani, wiki ya tatu wanaambiwa basi hamuunganishwi, ila mko nje. Salford, Wakefield, Widnes, Hull na Doncaster, waliokuwa chini yao kwenye daraja la kwanza, nao wakabaki nje. Na usiwasahau Keighley: walitwaa ubingwa wa daraja la pili msimu huohuo, na daraja walilotakiwa kupanda likafungwa mlango mbele yao. London, waliokuwa daraja moja nao na hawakuwa mabingwa, wakaingia.

Kuna kitu ningependa ukiandike bila kukipaka sukari. Mtu aliyesimamia mpango wa kufuta majina ya klabu 15 alikuwa ametoka kwenye klabu ambayo jina lake halikuguswa. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Featherstone ni mji mdogo wa wachimba makaa ambao mgodi wake ulikuwa umeshafungwa. Klabu ilikuwa ndicho kitu kilichobaki chenye jina la mji kwenye gazeti la Jumatatu. Kuwaambia wacheze chini ya jina la mto ilikuwa kuwaondolea hicho pia.

Upande wa pili, uwe na haki. Klabu nyingi zilikuwa na madeni na viwanja vilivyohitaji ukarabati mkubwa baada ya sheria za usalama kukazwa. Milioni 87 kwa miaka mitano ni milioni 17.4 kwa mwaka, mchezo huo ulikuwa haujawahi kuona pesa za namna hiyo. Na dau lile halikutokana na thamani ya raga ya Uingereza peke yake. Tarehe 1 Aprili 1995 vita vya televisheni ya kulipia vilikuwa vimelipuka Australia, kati ya Rupert Murdoch na upande wa Kerry Packer, tajiri wa televisheni wa huko. Murdoch alihitaji mataifa mengine upande wake ili kuwatenga wapinzani wake kule. Lindsay alikuwa anauza kitu siku ambayo mnunuzi alikihitaji kuliko siku nyingine yoyote. Angesubiri miezi sita ya mashauriano, dau lingeweza kupotea. Haraka ndiyo iliyoleta bei, na haraka hiyohiyo ndiyo iliyoleta kidonda. Sijui kama kulikuwa na njia ya kupata moja bila nyingine ndani ya wiki tatu.

---

Hafu_ya_Skramu

MstariWaTrai, nakubaliana nawe kwa Featherstone na Keighley, sina utetezi hapo. Ila kuna matokeo mawili ya 1996 na 1998 ambayo lazima yaingie kwenye mizani.

La kwanza ni kiangazi. Mechi ya ufunguzi ilikuwa Machi 1996 mjini Paris, uwanja wa Charléty, Paris Saint-Germain (ya raga, si ya soka) 30, Sheffield Eagles 24, mbele ya watu 17,873. Timu ya Paris haikudumu, ilifungwa baada ya msimu wa 1997. Lakini uwanja mkavu ulibadilisha mchezo wenyewe: mpira hauponyoki mkononi, pasi ndefu inawezekana, mawinga wanapata nafasi. Athari moja ambayo haikutegemewa sana: zamani Mwaustralia aliweza kucheza msimu wake nyumbani, kisha akaja kucheza miezi ya baridi Uingereza. Ndivyo Brett Kenny na John Ferguson walivyovaa jezi ya Wigan 1984–85. Misimu ilipolingana, mlango huo ukafungwa. Anayekuja sasa anakuja kwa mkataba kamili au haji.

La pili ni Grand Final. Mwaka 1998 Lindsay alihama kutoka RFL kwenda kuiongoza kampuni ya Super League yenyewe, na mwaka huohuo ubingwa ukaanza kuamuliwa kwa mechi za mchujo na fainali moja Old Trafford. Kwa miaka mingi kabla ya hapo, aliyeongoza msimamo ndiye bingwa. Fainali ya kwanza Wigan walishinda Leeds 10–4, watu 43,553, na trai ya Jason Robinson ndiyo iliyoiamua. Wapo waliosema mfumo unaoruhusu hata timu ya nafasi ya tano kuwa bingwa ni dhuluma. Hoja hiyo bado ina uzito wake. Lakini jaribu kuifuta Grand Final leo uone klabu gani itakuunga mkono.

Pia, marekebisho kwa faida ya makala: idadi ya watu fainali ya 1985, Wigan 28, Hull 24. Utakuta 97,801 na utakuta 99,801, zote zimechapishwa mahali pengi. Andika "zaidi ya 97,000" ulale usingizi. Na Brett Kenny ndiye aliyepewa Lance Todd Trophy, tuzo ya mchezaji bora wa fainali, siku hiyo. Wengine humwandika Peter Sterling wa Hull kwa sababu naye alicheza vizuri mno.

---

Mhasibu_wa_13

Sasa swali la tatu, awamu ya pili. Hii usiiruke, maana ndiyo inayoonyesha nini kilifanya kazi mara ya kwanza.

Mwaka 1999 Dave Whelan, mwenye Wigan Athletic na uwanja mpya wa JJB, alichukua klabu, na Lindsay akarudi kwenye kiti. Mtu yuleyule, mji uleule. Matokeo ya miaka minane: Challenge Cup moja, 2002, dhidi ya St Helens 21–12, iliyochezwa Murrayfield, Edinburgh, kwa sababu Wembley ilikuwa inajengwa upya. Fainali tatu za Super League zilipotea, 2000, 2001 na 2003. Juni 2005 walifungwa 70–0 na Leeds, na muda mfupi baadaye 75–0 na St Helens kwenye kombe.

Kwa nini? Jibu langu ni kwamba silaha zake zote tatu zilikuwa zimetoka mikononi. Wachezaji wa kudumu: kila klabu ya Super League ilikuwa nao. Nafuu ya kodi kwa waliotoka raga ya ridhaa: imekufa 1995. Kutumia pesa kuliko jirani: kumewekewa kikomo. Kikomo cha mishahara kilianza 1998, kwanza kama asilimia 50 ya mapato ya klabu, kisha 2002 likaongezwa dari la pauni milioni 1.8 kwa wote. Asilimia 50 bado ilikuwa inawapendelea wenye mapato makubwa. Dari ndilo lililosawazisha. Na lazima useme wazi kwamba kikomo kile kilikuja kwa sehemu kubwa kwa sababu ya kilichotokea Wigan: ligi ilikuwa imeona timu moja ikitwaa ubingwa mara saba mfululizo, 1990 hadi 1996, na nyingine zikikopa kuifukuzia.

Mwaka 2006 ukaweka kila kitu mezani. Wigan walianza vibaya mno, wakawa mkiani. Kocha Ian Millward akafukuzwa, Brian Noble akaletwa kutoka Bradford, na Juni akafuata Stuart Fielden, propu (mchezaji wa safu ya mbele), kutoka Bradford hiyohiyo kwa pauni 450,000, rekodi ya wakati huo. Walinusurika, wakamaliza wa nane. Castleford wakashuka wakiwa wa 11, kwa sababu Catalans, timu ya Ufaransa iliyomaliza ya mwisho, ilikuwa na kinga ya kutoshuka. Halafu 2007 Wigan wakapokwa pointi nne kwa kuvuka kikomo cha mishahara msimu wa 2006.

Hapo kuna tatizo la kiufundi ambalo nalitaka lieleweke. Kukagua hesabu baada ya msimu kunaacha pengo. Klabu inavuka kikomo mwaka huu, inabaki kwenye daraja mwaka huu, adhabu inafika mwaka ujao. Pointi nne za 2007 hazikuwarudisha Castleford. Aliyeumizwa na kosa na aliyelipwa fidia si mtu mmoja, na kwa kweli hakuna aliyelipwa. Dawa ni kukagua mikataba kabla haijasainiwa: klabu inapeleka mkataba, unahesabiwa pamoja na mingine, jumla ikizidi kikomo hausajiliwi. Anayeendesha ligi yoyote ndogo na anafikiria kuweka kikomo, aanze na ukaguzi wa namna hii tangu siku ya kwanza. Kosa jingine la kawaida ni kuhesabu mshahara pekee na kusahau nyumba, gari na posho za kutumia picha ya mchezaji. Vyote vina thamani, vyote viingie kwenye jumla.

Mwishoni mwa 2007 Ian Lenagan akanunua klabu kutoka kwa Whelan, na Lindsay akaondoka.

---

Daftari_la_Raga

Nimepata zaidi ya nilichoomba. Nitaigawa makala sehemu mbili, 1980 hadi 1992 na 1995 hadi 2007, ili msomaji aone kamba ileile ikivuta pande zote mbili. Swali dogo la mwisho: kocha Dorahy wa Wigan, aliyetwaa ligi na kombe 1994 akafukuzwa, nimhesabu kama uamuzi wa Lindsay?

---

MstariWaTrai

Hapana, usifanye hivyo. John Dorahy alikuja 1993 baada ya Monie, na Lindsay alikuwa ameshahamia RFL. Aliyekuwa mwenyekiti wa Wigan wakati huo ni Jack Robinson. Dorahy aliondolewa muda mfupi baada ya fainali ya Wembley ya 1994, ile ambayo Offiah alikimbia na mpira karibu uwanja mzima dhidi ya Leeds, 26–16. Graeme West ndiye aliyeichukua timu kwenda Brisbane kucheza na mabingwa wa Australia tarehe 1 Juni 1994, wakawafunga Brisbane Broncos kwao 20–14 mbele ya watu 54,220. Ukimpa Lindsay lawama ya Dorahy itabidi umpe na sifa ya Brisbane, na zote mbili si zake.

Kwenye picha, ukipata ya Central Park ya Oktoba 1987, itumie hiyo kuliko ya Wembley.